Siku moja ya gari pwani ya Japani: Izu, Shimanami au Noto?

Ukiwasha IST au Noah iliyoshuka bandarini mwezi uliopita, mara nyingi utamsikia mwanamke ndani ya dashibodi akisema jambo kwa Kijapani. Wengi hudhani anawasalimia. Anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijachomekwa, yaani kadi ya kulipia barabara, na ataendelea kukukumbusha kila asubuhi pale Kariakoo, Nakuru au Kampala mpaka fundi aje amnyamazishe. Siku niliyokodi gari Japani kwa mara ya kwanza nilimsikia tena, sauti ile ile, ila safari hii alikuwa kwao na alikuwa na haki: kadi kweli sikuwa nimechomeka.

Kwa hiyo kuendesha kwenyewe kusikutishe. Usukani uko kulia, unapita kushoto, na gari utakalopewa pengine ni dada wa lile uliloliacha nyumbani. Kazi iko kwenye kuchagua njia. Nilisoma Nagoya miaka miwili, na kila ndugu au rafiki aliyekuja kunitembelea aliuliza swali lile lile: nina siku moja tu ya kuzunguka pwani na gari, niende wapi? Majibu yangu huwa matatu. Kuna rasi ya Izu, karibu na Tokyo. Kuna njia ya madaraja ya Shimanami, kati ya Onomichi na Imabari. Na kuna rasi ya Noto, juu ya Kanazawa. Okinawa naiacha makusudi, maana kule unapanda ndege, na ukishapanda ndege hilo si jambo la siku moja tena.

Kwanza vituo, jua na leseni

Mgeni hufungua ramani, akaona kilomita kama 65 kutoka Atami hadi Shimoda, akasema saa moja inatosha. Haitoshi. Barabara za pwani zina vibao vya 40 na 50, zinapinda kama utumbo wa mbuzi, zinakatiza vijijini penye taa kila kona, na mbele yako kuna mzee kwenye gari dogo la namba za njano ambaye hana haraka hata kidogo. Mimi sihesabu kilomita, nahesabu mara nitakazoshuka kwenye gari. Siku moja inabeba vituo vinne. Cha tano utakiona dirishani.

Halafu jua. Sisi tumezoea kuliona likizama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, ndiyo maana hata saa zetu tunazihesabu kuanzia alfajiri. Japani hakuna utaratibu huo. Desemba huko Izu jua linazama kama saa kumi na nusu, wakati wewe ndio kwanza unatafuta pa kunywa chai. Juni linasubiri mpaka saa moja. Mpango mzuri wa Juni ni mpango mbovu wa Desemba, na niliwahi kumtembeza shemeji yangu gizani kilomita ishirini za miamba mizuri sana ambayo hakuna aliyeiona.

Leseni ndiyo inayowakwamisha watu wengi, na inawakwamisha kaunta, wakiwa wameshalipa. Japani inakubali leseni ya kimataifa ya Mkataba wa Geneva wa 1949 peke yake. Ile ya Mkataba wa Vienna wa 1968 hawaipokei, hata iwe na mihuri mingapi. Uganda, Rwanda na Kongo ya Kinshasa zimo kwenye mkataba wa 1949. Wa nchi nyingine aangalie orodha kabla ya kutoa senti. Ndugu zetu wenye leseni za Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji au Uswisi wana njia yao: leseni ya nchi wanamoishi pamoja na tafsiri rasmi ya Kijapani. Mimi nilibadilisha leseni yangu ya Tanzania kwa mtihani wa uwanjani, nikaangushwa mara mbili kwa kosa moja: sikugeuza shingo kutazama bega la kushoto kabla ya kukata kona. Njia hiyo ni ya mkazi, si ya mtalii.

Ukishapewa ufunguo, kumbuka mambo matatu tu. Taa nyekundu ni nyekundu hata kwa anayekata kushoto. Kwenye kila njia panda ya reli unasimama kabisa, hata kama treni haipo na huisikii. Na ukinywa hata bia moja, acha gari lilale. Kule sheria inamfuata dereva, aliyemuuzia pombe, na hata abiria aliyekubali kupakiwa.

Izu: kufika ni rahisi, kufaidi ni kazi

Izu inashinda kwa jambo moja kubwa. Unapanda Shinkansen, treni ya mwendo kasi, ile iitwayo Kodama, pale Tokyo, baada ya kama dakika 50 uko Atami, gari unalichukua karibu na kituo. Ukiwahi kidogo, vua viatu: nje ya kituo pana dimbwi la maji moto ya chemchemi la kuchovya miguu, bure. Kutoka hapo unaifuata barabara namba 135 kuelekea kusini, bahari ikiwa kushoto kwako, upande ule ule ambao abiria wako atakuwa amekaa. Yeye ndiye atakayefaidi. Wewe utatazama makalio ya lori.

Rasi yenyewe ni mgeni pale ilipo. Ilikuwa volkano za chini ya bahari, zikasukumwa kaskazini na bamba la Bahari ya Ufilipino mpaka zikagonga kisiwa kikuu na kushikamana nacho. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya hifadhi zake za jiolojia mwaka 2018. Ukitaka kuliona hilo bila mwalimu, nenda Jogasaki. Miaka kama 4,000 iliyopita mlima Omuro ulilipuka, lava ikateremka hadi baharini na kuganda ikiwa ukuta. Juu ya ufa mmoja wa ukuta huo wamefunga daraja la kamba za chuma la Kadowaki, urefu mita 48, mita 23 kutoka majini. Simama katikati. Mawimbi ya pale hayafiki ufukweni, maana ufukwe haupo. Yanagonga mwamba, na kishindo unakisikia kwenye nyayo kabla hakijafika masikioni.

Omuro wenyewe uko jirani, una mita 580, mviringo na laini kama kichuguu kilichofyekwa. Kuupanda kwa miguu ni marufuku, unapanda viti vya kuning'inia, na juu kuna njia ya kama kilomita moja kuzunguka mdomo wa volkano. Kila Februari wanauchoma moto nyasi zote. Siku ya mawingu usipoteze hela yako.

Shimoda ni kituo cha chakula cha mchana na cha historia. Bandari hii ilifunguliwa kwa meli za Marekani mwaka 1854, baada ya Perry, kamanda wa jeshi la majini la Marekani, kuja na meli zake nyeusi, na mwaka 1856 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Townsend Harris, akaweka bendera yake kwenye hekalu la Gyokusenji. Mtaa mdogo unaoitwa Perry Road unafuata mfereji wenye mierebi na nyumba kuukuu za mawe. Dakika ishirini zinautosha. Chakula ni kinmedai, samaki mwekundu mwenye jicho kubwa la dhahabu, anayepikwa polepole kwenye mchuzi wa soya wenye utamu. Kando ya mji kuna Shirahama, jina lenye maana ya ufukwe mweupe, na juu ya mwamba wake limesimama lango jekundu la dini ya Shinto. Lango linapendeza sana kwenye picha. Kuhusu mchanga, mtu wa Jambiani au Diani atautazama kisha anyamaze kwa adabu.

Hapo Shimoda, kama saa nane mchana, siku inakugawia njia mbili. Ukirudi ulikotoka, utarudi kivulini, kwa sababu milima iko magharibi na upande wa mashariki unapoteza jua mapema. Ukikata kwenda magharibi mpaka Dogashima, kwa saa moja hivi, unalifuata jua linakokwenda. Dogashima kuna pango la bahari la Tensodo lililotoboka juu. Mashua inaingia ndani na mwanga unashuka kama kwenye kisima. Karibu yake, maji yakipwa, mchanga na mawe huibuka na unavuka kwa miguu hadi kisiwani. Hewa ikiwa safi, sehemu kadhaa za pwani hii ya magharibi unaiona Fuji ng'ambo ya ghuba ya Suruga kama imechorwa. Kiangazi ningekwenda magharibi bila kufikiri. Majira ya baridi ningekata Omuro kwenye ratiba ili niweze kwenda.

Ubaya wake ni foleni. Barabara ya 135 ni moja, na Jumamosi Tokyo nzima inaikumbuka. Februari, micheri ya Kawazu inapochanua kabla ya micheri mingi ya Honshu, kisiwa kikuu, gari linakwenda kwa mwendo wa jeneza. Kama siku yako ni ya wikendi, soma aya zinazofuata kwa makini zaidi.

Shimanami: madaraja, malimau na mkondo

Huku ni mbali. Kutoka Tokyo ni zaidi ya saa tatu za Shinkansen hadi Fukuyama, mji jirani wa Onomichi, ingawa kutoka Osaka ni saa moja tu. Ila ukishafika, njia yenyewe imekatwa vizuri kwa siku moja kana kwamba mtu aliipima na mkasi: kilomita kama 60 za barabara ya kulipia, visiwa sita, Mukaishima, Innoshima, Ikuchijima, Omishima, Hakatajima na Oshima, vilivyoshonwa kwa madaraja kutoka kisiwa kikuu hadi kisiwa cha Shikoku. Daraja la Omishima lilifunguliwa 1979, na mwaka 1999 yakaja makubwa mawili ya mwisho, Tatara na Kurushima.

Kosa la watu ni kupita juu kwa juu. Barabara ya kulipia ina kuta, na gari haliruhusiwi kusimama darajani. Unaweza kuvuka Bahari ya Seto yote kwa saa moja na usikumbuke kitu. Siri iko kwenye milango. Baadhi ya visiwa vina mlango wa kaskazini na wa kusini, na kila mmoja unahudumia upande mmoja tu. Ukitoka Onomichi, shuka Ikuchijima-kita, yaani kaskazini, katiza kisiwa kwa barabara ya kawaida, upande tena Ikuchijima-minami, kusini. Fanya hivyo hivyo Oshima. Mimi mara ya kwanza niliudhika nikadhani ni ubahili wa wahandisi. Sasa naona ndicho kitu bora kwenye njia nzima, kwa sababu kinakulazimisha kushuka kwenye zege na kupita kati ya mashamba ya malimau, kuta za mawe, na bibi mwenye meza ya chenza kando ya barabara asiyekuwepo, ameacha kopo la kutia sarafu.

Ikuchijima ndiko kwenye malimau, na mji wake wa Setoda una hekalu la Kosanji. Tajiri mmoja wa mabomba ya chuma alianza kulijenga mwaka 1936 kwa ajili ya mama yake. Nyuma yake kuna kilima chote cha marumaru nyeupe iliyoletwa kutoka Carrara, Italia, kazi ya mchongaji Itto Kuetani. Siku ya jua kali chukua miwani ya giza, si utani. Kutoka hapo fika hadi chini ya daraja la Tatara. Lilipofunguliwa, nafasi yake ya kati ya mita 890 ilikuwa ndefu kuliko ya daraja lolote duniani la aina hiyo ya nyaya zilizonyooka kutoka mnarani. Panda kwa miguu njia ya baiskeli, na kwenye mguu wa mnara utakuta vipande viwili vya mbao. Vigonganishe. Sauti inapanda ndani ya mnara ikidunda ukuta hadi ukuta, ta-ta-ta-ta-ta, inakwenda juu mpaka inapotelea, na wenyeji wanasema ni joka linalia. Nilipiga mara kumi na moja. Nyuma yangu alikuwepo mwendesha baiskeli akisubiri zamu kwa heshima zote.

Omishima kuna Oyamazumi, patakatifu ambapo wapiganaji wa zamani walikuja kutoa shukrani kwa kuacha deraya na panga zao, na jumba lake la hazina limejaa vitu hivyo hadi macho yanachoka. Uani kuna mkafuri unaosemwa una miaka 2,600. Anayependa historia atakaa saa mbili. Asiyeipenda ataugusa mti kwa macho na kuomba ice cream, na wote wawili wako sahihi.

Sasa Oshima. Hapa paliwahi kutawaliwa na ukoo wa Murakami, watu wa bahari ambao wengine waliwaita maharamia na wenyewe walijiona walinzi wa njia: ukitaka kupita, unalipa, unapewa bendera, hakuna atakayekugusa. Juu ya kisiwa kuna mlima Kiro, na kileleni kuna jukwaa la kutazamia lililosanifiwa na msanifu majengo Kuma Kengo mwaka 1994. Huwezi kuliona jengo kutoka chini. Kilele kilikuwa kimekatwa, naye akakirudishia udongo na miti, akalificha jengo ndani kama ufa. Unapanda ngazi katikati ya kuta mbili, huoni kitu, kisha unatokeza na mlango wa bahari wa Kurushima wote uko chini yako: madaraja matatu ya kuning'inia yaliyofuatana, jumla ya kama kilomita 4.

Nilimpeleka mama hapo mwezi wa Mei. Mama ni mtu wa Pangani, amekulia kwenye mdomo wa mto. Madaraja aliyaangalia kidogo, akayaacha, macho yakabaki majini. Maji ya Kurushima hayatulii: mkondo hufika kilomita 18 kwa saa, yanavimba, yanakunjana, yanafanya mashimo yanayozunguka kama maji ya beseni lililotobolewa. "Leo bamvua hapa," akasema. Nikafungua jedwali la maji kwenye simu. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, wakati wa bamvua kweli, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine.

Kinachonifurahisha zaidi pale ni meli. Kila mahali duniani meli zikikutana kwenye njia nyembamba hupishana kwa kukaa kulia. Kurushima wana sheria yao: meli inayokwenda na mkondo hupita mlango wa kati, inayokwenda dhidi ya mkondo hupita mlango wa magharibi. Maji yakigeuka, njia nazo zinageuka. Pembeni ya mlango zimewekwa mbao kubwa za taa zinazoonyesha herufi N au S ya upande wa mkondo, namba ya kasi yake, na mshale wa kusema inapanda au inashuka. Ukiwa na mtoto wa miaka kumi, mkabidhi darubini na hutamsikia kwa saa nzima. Kwa hiyo kama unaichagua Shimanami, angalia mwezi kabla ya kuangalia kalenda: bamvua ndiyo siku yake. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, utakuta ziwa.

Wapo wanaosema Shimanami ni ya baiskeli, gari ni kuiharibu. Njia ya baiskeli ina kilomita 70 na mstari wa buluu uliochorwa barabarani tangu mwanzo hadi mwisho, na wanasema kweli kwa mtu mwenye mapaja. Mwenye mama mwenye magoti mabovu asiwasikilize. Kuna njia ya katikati: paki Setoda, kodi baiskeli kwa saa mbili, zunguka malimau, rudi garini.

Noto: mchanga unaobeba magari

Noto naieleza kwa tahadhari. Tarehe 1 Januari 2024 rasi hii ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.6. Mji wa Wajima uliungua pale penye soko lake maarufu la asubuhi, na sehemu za pwani ya kaskazini ziliinuka hadi kama mita 4, bandari ndogo zikabaki nchi kavu. Septemba ya mwaka huo huo mafuriko yakaja juu ya majeraha. Senmaida, ngazi 1,004 za majaruba ya mpunga zinazoshuka hadi baharini, zilipasuka, na wakulima wakarudi kupanda sehemu ndogo kwanza. Ukitaka kufika kaskazini angalia hali ya barabara namba 249 siku ile ile, lala Kanazawa, na usipige picha za nyumba za watu zilizolala.

Kwa siku moja, hata hivyo, kaskazini hukuhitaji. Kutoka Kanazawa, ambako Shinkansen imefika tangu 2015, ni kama dakika 40 hadi Chirihama, na barabara ya kwenda huko hailipiwi. Chirihama ni ufukwe wa kilomita 8 ambapo gari la kawaida, hata basi la watalii, linatembea juu ya mchanga kando ya mawimbi. Kwetu gari likiingia ufukweni ni kesi: unatafuta kamba, vijana sita na mbao. Mchanga wa Chirihama ni laini mno, chembe zake ni za ukubwa mmoja, na ukilowa maji unashikana kama sakafu. Nilishuka nikaukanyaga kwa kisigino. Alama ikabaki ndogo kama ya kidole kwenye unga wa ngano uliokandwa. Unaegesha ukielekea bahari, unafungua buti, unakaa. Pwani inatazama magharibi, na Juni jua linaingia baharini kama saa moja na robo mbele ya boneti yako.

Tatizo: mawimbi yakiwa makubwa wanafunga, na majira ya baridi hiyo ni kawaida. Uliza kwanza kama mkataba wako wa gari unakubali mchanga, na ukitoka uoshe chini, chumvi haina huruma. Vituo vingine ni vichache lakini vizuri. Karibu na hapo kuna hekalu la Myojoji na mnara wake wa mbao wa ghorofa tano, na patakatifu pa Keta, ambapo nyuma yake kuna msitu usioruhusiwa kuingiwa na watu. Mtu wa Kilifi ataelewa haraka bila kuelezwa, maana makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, anayajua.

Tukiziweka pamoja

Kwa mfuko, Noto ni nafuu kuliko zote: barabara bure, ufukwe bure. Izu ni mafuta na maegesho, pamoja na nauli fupi ya treni. Shimanami inakula zaidi, kwa kuwa kila kipande cha daraja kina bei yake. Omba kadi ya ETC unapochukua gari, inapunguza sana. Tena ni njia ya kwenda upande mmoja. Ama unarudi ulikotoka kwa saa moja ya barabara kuu, ama unaliacha gari Imabari na kulipa ziada.

Kwa tumbo, Izu na Noto ni samaki, na wali wao hauna kasoro. Onomichi inasifika kwa tambi zake za mchuzi, lakini zile chembe nyeupe zinazoelea juu ni mafuta ya nguruwe, na hiyo ni habari ya kuijua kabla ya kuketi. Setoda kuna wali wa pweza. Mzanzibari hatalala njaa. Anayejihadhari na pombe aulize pia kuhusu samaki wa kupikwa kwenye soya, huwa wanatia sake kidogo. Kokote utakakokwenda, tafuta michi-no-eki, vituo vya kando ya barabara: choo kisafi saa 24, chenza za wenyeji, na mama mmoja anayetaka uonje kachumbari yake ya figili.

Mwenye siku moja kati ya mikutano ya Tokyo achukue Izu, siku ya kazi, aondoke saa moja asubuhi. Mwenye watoto wadogo na haja ya kucheza kuliko kutazama aende Chirihama kati ya Mei na Oktoba, kisha arudi Kanazawa kulala; mtoto chini ya miaka sita lazima awe na kiti chake, kiombe wakati wa kuweka nafasi. Mimi nikiwa na siku moja tu tena, naenda Shimanami. Izu inakupa mandhari, ila kwa sehemu kubwa unayatazama kupitia kioo ukiwa nyuma ya basi. Noto inakupa tukio moja zuri sana. Shimanami kila ukishuka unakuta kazi ya watu: limau, chumvi, marumaru, nahodha anayesubiri maji yageuke.

Weka nafasi ya gari wiki mbili kabla, Fukuyama au Onomichi, dogo kadiri uwezavyo, kwa sababu vichochoro vya Setoda vilijengwa kwa mikokoteni. Kabla ya kulirudisha jaza tangi kituo cha karibu na utunze risiti. Bomba jekundu ndilo petroli ya kawaida, la njano ni ya bei kubwa, la kijani ni dizeli. Usilishike la kijani.